Jicho la mdogo wangu, mwaka wa kipindupindu

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikalea wadogo zangu kwa pamba, huku jirani na Dutwa. Mwaka ule wa kipindupindu, wanunuzi binafsi ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuigombania pamba yetu, nasi tulipiga dawa ya wadudu shamba zima. Siku moja bomba likamrushia mdogo wangu wa kike dawa jichoni.

Jirani aliyekuwa ananyonyesha akaja mbio amkamulie maziwa jichoni, kama tulivyozoea.

"Subiri kwanza, mayu," nilimwambia mama huyo kwa Kisukuma.

Kwa hofu ya kipindupindu tulikuwa na mtungi wa maji yaliyochemshwa yakapoa. Nilimlaza, nikayamimina jichoni taratibu mpaka mtungi ukaisha, kisha nikampakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya Bariadi.

Getini palikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Kwetu mtu akifika na vumbi la safari, akiona maji hunawa na uso. Mdogo wangu akakinga viganja, akainama.

"We binti! Mikono tu!" mlinzi alifoka. "Unataka kulipika hilo jicho?"

Akatuelekeza nyuma, mbali na wodi ya kipindupindu, ambako nesi wa macho alikuwa ameweka benchi lake nje. Nesi alilisafisha tena, akauliza tulitumia nini nyumbani.

"Maji yetu ya kunywa."

"Basi yamemwokoa. Ataona."

Tulirudi jioni, jicho limefungwa, mdogo wangu akilalamika njia nzima.

"Kaka, nina kiu, na maji yote umenimwagia usoni!"

Nilikoka moto nikicheka, nikachemsha mengine.