Tundu Lilikuwa la Zamani, Nzi Walikuwa Wapya

Nilizaliwa na mboni ya jicho la kulia imechanika upande wa chini, mfano wa tundu la ufunguo. Watoto wa ufuoni kwetu, karibu na Kisumu, waliniita Paka. Lakini jicho lilikuwa linaona. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wawili walikataa kulisikia.

Wa kwanza ni shangazi yangu. Miaka ya sabini tulikuwa tukianika omena, dagaa wa ziwa letu, pamoja, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Siku hiyo nzi walizidi. Nikapunga kitambaa, hawaendi.

"Wewe, unafukuza nini?"

"Nzi, waya," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu.

"Nzi gani? Omena safi hivi! Ama umeanza kucheza ngoma?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikafumba jicho la kulia: nzi hakuna. Nikafumba la kushoto: hao, weusi, wanaelea. Tena nyuzi za wavu, pale katikati, zimepinda kama zimelowa maji. Nikarudia, kushoto, kulia, mpaka ndege yangeyange wakajilia omena zetu.

"Ni lile jicho lako la kuzaliwa," shangazi akasema. "Liache."

Wa pili ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Hata hakuniambia nikae. "Si ulizaliwa nalo hivi?"

"Ndiyo, daktari. Lakini tundu ni la zamani, nzi ni wapya."

Akacheka, akanipa mafuta ya kupaka. Nikapaka miezi mitatu.

Nilipofika hospitali kubwa ya mjini, daktari wa macho alinidondoshea dawa, akamulika ndani muda mrefu. Akasema nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, na wangu ulivimba ukaacha kovu. Nzi wangu ni takataka za uvimbe huo. Nikamuuliza, mbona zinatembea? Akanieleza kwamba zinaelea kwenye ute wa jicho. Ikanifurahisha kujua, hata siku hiyo.

"Na huo uvimbe nilizaliwa nao?"

"Mpasuko ndio uliozaliwa nao. Uvimbe umekuja juzi. Ungewahi, tungeutuliza."

Katikati ya jicho hilo sasa kuna doa la kijivu. Ukisimama mbele yangu naona mabega, uso sioni. Shangazi na dresa, hiyo ni kazi yenu.

La kushoto simwachii mtu. Kila asubuhi nafumba la kulia, natazama wavu uzi kwa uzi. Leo nyuzi zimenyooka.