Boila Iliyolazimishwa Kuwaka

Nina hasira na mtu mmoja mpaka leo, na sitaki kuombewa ili iniishe. Wameshaniombea vya kutosha.

Mtu huyo ndiye aliyetupangisha nyumba Black Rock, hapa Buffalo. Ni mtu wa kwetu, wa milima ya Kivu Kusini kama sisi, na ni mzee wa kanisa. Alifika Amerika miaka mingi kabla yetu, akafanya kazi kiwandani, akanunua nyumba kuukuu karibu na mto, akawa anazipangisha kwa familia zinazotoka Kongo. Tulipohamia mwaka 2015 tulimwona kama baba. Kabla ya hapo tulikaa Louisville, halafu Columbus upande wa Hilliard, kwenye majengo ya ghorofa ambako joto lilitoka ukutani, na likikatika unapiga simu ofisini. Buffalo ndipo tulipopata kwa mara ya kwanza nyumba nzima, yenye mlango wetu wenyewe, na chini yake besimenti yenye boila.

Boila ile ilikuwa sanduku la chuma lenye kimo cha kiuno changu. Ilichemsha maji kwa gesi na kuyasukuma kwenye redieta za kila chumba. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amevuka miaka sabini, aliipenda kuliko kitu chochote cha nchi hii. Chumba chake kilikuwa juu ya boila kabisa. Asubuhi alivuta kiti, akaweka miguu karibu na redieta, akasema, "Wazungu hawa, kwa jambo hili, Mungu awabariki."

Asubuhi moja ya Januari redieta zote zilikuwa baridi. Mume wangu alikuwa amelala, maana alifanya kazi ya zamu ya jioni. Nikashuka besimenti peke yangu. Feni ndogo ya boila ilikuwa inazunguka. Ilivuma, ikanyamaza, ikavuma tena, lakini moto haukuja. Taa nyekundu ilimulika mara tatu, ikatulia, ikamulika tena mara tatu.

Mimi si fundi. Kwetu nilifundisha darasa la tano, na huku ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ila kusoma ninajua. Nilipofungua kifuniko nilikuta karatasi imebandikwa kwa ndani, ikieleza kila namna ya kumulika. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na simu yangu mkononi, nikatafuta neno baada ya neno. Kumulika mara tatu, karatasi ilisema, maana yake swichi ya hewa haijaruhusu moto; angalia bomba la moshi kama limeziba.

Nikampigia mwenye nyumba.

"Mzee, boila haiwaki. Karatasi yake inasema tuangalie bomba la moshi, pengine limeziba."

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, kilikuwa kile cha mtu mzima anayemsikiliza mtoto. "Mama, tangu lini umekuwa fundi? Bonyeza kile kitufe chekundu."

"Nimebonyeza mara mbili. Karatasi inasema tusizidishe."

"Bonyeza tena, dada yangu. Bon, nitamtuma shemeji yangu."

Shemeji alikuja kesho yake mchana, wakati sisi tumeshalala usiku mmoja tukiwa tumevaa makoti. Alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye umri wangu, mchangamfu. Nilimwonyesha karatasi. Hakuitazama. Akaniambia nipande juu kwa sababu chini kuna baridi. Dakika kumi baadaye nikasikia maji yakigonga ndani ya mabomba, na mama mkwe akapiga vigelegele chumbani kwake.

"Donc, imewaka," shemeji alisema akijifuta mikono. "Ile swichi ndiyo ilikuwa inasumbua tu. Nimeisaidia."

Nimeisaidia. Nami nilimpikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: nilisonga ugali, nikapasha sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na samaki, nikamkaribisha mezani, nikamshukuru mbele ya mabinti zangu. Alipoondoka nilijiona mjinga kwa kusumbuka na karatasi.

Wiki hiyo hiyo vichwa vikaanza kutuuma. Binti mkubwa alirudi kutoka shuleni akiwa mzima, baada ya saa mbili nyumbani akalala mezani juu ya madaftari. Mdogo alikuwa analalamika kwa Kiingereza, kama wanavyofanya wakiumwa, na mimi nilimjibu kwa Kiswahili kwamba ni simu inayomuumiza macho. Mama mkwe alitapika. Tukampeleka kliniki, wakasema ni mafua ya msimu, anywe maji mengi. Mume wangu aliumwa asubuhi na kupona akifika kazini. Mimi pia. Nikiamka kichwa kilikuwa kizito kama nimebeba ndoo, lakini ikifika saa sita mchana, nikiwa nawalisha wazee wangu chakula, kilikuwa kimepona kabisa. Jumapili baada ya ibada, tulipokaa ndani mpaka usiku na madirisha yamefungwa, sote tuliumwa pamoja. Mzee wa kanisa, mwenye nyumba wetu, alikuja kutuombea. Aliketi sebuleni robo saa tu, akasema nyumba ina joto zuri.

Nilipaswa kuelewa siku ile. Kazini tulikuwa tumefundishwa juu ya hewa ya sumu inayotoka kwenye moto uliokosa njia ya kutolea moshi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Nilitia sahihi kwenye karatasi kwamba nimeelewa. Hasira yangu ina sehemu yangu mwenyewe ndani yake, sikatai.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini saa kumi jioni. Nyumba ilikuwa kimya. Mabinti wote wawili walikuwa wamelala kwenye kochi huku televisheni inasema peke yake. Nikaita, hawakuitika. Nikaingia chumbani kwa mama mkwe. Alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na redieta, macho wazi, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, ananiuliza kama ng'ombe wamesharudi.

Hapo nikajua. Sikufikiri, nilijua tu. Nilifungua mlango wa mbele nikauacha wazi, nikawapiga mabinti vibao mpaka wakasimama wakilia, nikawasukuma nje kwenye theluji bila viatu. Nikarudi nikamshika mama chini ya makwapa na kumburuta. Alikuwa mwanamke mkubwa. Kizingiti kilimchubua mgongo, naye akanitukana kwa lugha ya kwetu matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nilifurahi kuyasikia. Jirani yetu, Mzungu ambaye hatukuwa tumesemezana naye hata mara moja, alitoka na mablanketi, akapiga simu.

Wazima moto walifika na kipimo cha hewa mkononi. Kililia wakiwa bado mlangoni. Tulipelekwa hospitali, tukavalishwa hewa safi puani. Mimi na mabinti tuliruhusiwa asubuhi. Mama alibaki siku nne.

Jumatatu alikuja fundi mwenye leseni, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Wa kampuni ya gesi walikuwa wameshafunga valvu na kuning'iniza karatasi nyekundu. Nilimwambia fundi, "Nataka kuona kila kitu unachofanya." Alinitazama, akasogea kunipa nafasi.

Alifungua kifuniko, akamulika tochi. Halafu akauliza polepole ili nimwelewe, "Nani aliweka hii?"

Ilikuwa kipande cha waya mwekundu, kifupi kama kidole changu. Kilikuwa kimeunganisha pande mbili za swichi ya hewa, ili boila idanganyike kwamba moshi una njia. Fundi alinieleza kwa mikono zaidi kuliko maneno. Feni huanza kuvuta. Swichi hupima kama hewa inapita. Ikipita, cheche hulia, gesi hufunguka, moto huwaka, na kijiti kidogo cha chuma huthibitisha kwamba moto upo. Hewa isipopita, boila hukataa kuwaka. Haikuwa mbovu. Ilikataa kwa sababu ilikuwa nzima.

Tukatoka nje. Bomba la moshi lilitokeza ukutani nyuma ya nyumba, na wavu wake ulikuwa umeng'oka. Akaingiza mkono, akatoa kiota cha ndege: nyasi, manyoya, kipande cha mfuko wa plastiki, majani yaliyooza. Akatoa tena. Akafunga wavu mpya. Hata muda wa kunywa kikombe cha chai haukupita. Aliporudi ndani alikata ule waya, akafungua valvu ya gesi, akaniambia nibonyeze kitufe. Feni, kimya kidogo, cheche, halafu moto wa bluu. Nilisimama pale nikalia kwa hasira mpaka yule mtu wa watu akaanza kuniomba msamaha, yeye ambaye hakuwa na kosa.

Jioni ile mwenye nyumba alikuja na wazee wawili wa kanisa. Walikaa, wakaomba, wakasoma neno. Kisha akasema, "Dada yangu, tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Shemeji alitaka kusaidia tu. Sasa nasikia mtu wa mji, mkaguzi wa nyumba, atakuja na maswali. Mambo haya ni ya nyumbani. Usipeleke jina langu kwa Wazungu."

"Nilikwambia bomba limeziba."

"Hukusema vile hasa."

"Nilisema vile vile. Ukaniuliza tangu lini nimekuwa fundi."

Mmoja wa wazee akainua mkono. "Mama, hasira haijengi."

"Mama mkwe wangu yuko hospitali hamjui mwanawe," nikasema. "Mlipitia kumwona kabla ya kuja kwangu?"

Hawakuwa wamepita. Mume wangu alitazama mikono yake muda wote. Walipoondoka akaniambia, "Tutaishi na nani hapa, mama watoto? Hawa ndio watu wetu." Tuligombana vibaya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, naye akaenda kulala kwa rafiki yake siku mbili.

Mtu wa mji alipokuja nilimweleza yote, na nilipomaliza nikamtajia nyumba nyingine tano za mzee yule, mtaa kwa mtaa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilizijua kwa sababu nilikuwa nimekula pilau ndani ya kila moja. Katika nyumba ya tatu, yenye mtoto wa wiki sita, walikuta boila nyingine imefungwa waya kama ule wetu.

Mwenye nyumba aliamriwa kuleta fundi wa kweli kila mahali na kuweka ving'ora vya hewa ya sumu. Kanisani watu waliacha kunisalimia. Mama wa yule mtoto naye hakunisalimia, lakini siku moja dukani, kati ya rafu za unga, alinishika mkono, akaubana, akaendelea kusukuma kigari chake. Yule mzee bado anaketi mbele, bado anaomba kwa sauti nzuri.

Mama alirudi nyumbani, ila hakurudi mzima kama alivyoondoka. Mikono inamtetemeka, na majina ya wajukuu yanampotea. Mara moja nilimkuta anazungumza na mwenye nyumba kwenye simu, anacheka. Alipokata nikamuuliza anawezaje.

"Nimemsamehe," alisema. "Ni mimi niliyeanguka, si wewe. Wewe una shida gani?"

Msamaha wake ni wake, sina ruhusa ya kuugusa. Wangu sijauona bado, na siutafuti.

Tulihama mwezi wa tano, tukaenda mitaa kadhaa mbele, kwa mwenye nyumba ambaye hatujuani naye wala hatuombi pamoja. Mvua ilikuwa inanyesha. Mume wangu alisimama mlangoni na godoro kichwani, anasubiri nifungue, na funguo nilikuwa nazo mimi. Nikamwambia asubiri. Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye matope, nikalitafuta bomba la moshi, nikachuchumaa, nikaingiza mkono ndani mpaka kiwiko. Lilikuwa wazi. Niliporudi maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni. Nikamfungulia mlango.