Msalaba wa Chaki

Kiwandani walimwita Mzee Visu, na jina likamkaa. Miaka ishirini na sita alihudumia mtambo wa mabati: bati linatoka mbio, kisu kinakimbia nalo sambamba, kinalishukia na kulikata bila kulisimamisha. Kila kisu kina pande nne za makali. Upande mmoja ukichoka, kinageuzwa, na uliochoka hutiwa msalaba wa chaki.

Yeye aliugeuza utaratibu huo kimyakimya. Msalaba aliuweka kwenye upande ambao bado ni mzima. Uliochoka au ulioingia ufa akauacha bila alama. Mameneja walikuja na kuondoka, kila mmoja akitafuta wa kupunguza, lakini aliyethubutu kugusa visu bila yeye aliharibu mabati na kurudi kumbembeleza. Kwa ujanja huo alijenga, akasomesha, akamwoza binti yake wa pekee. Alijiona kichwa kweli kweli.

Kisha binti akamwomba amtafutie mumewe kazi. Akamtafutia, na akamfundisha: kulegeza bolti, kupima nafasi ya visu kwa kipande cha karatasi, kusikiliza mlio. Kila kitu, isipokuwa siri ya msalaba; upande wa kutumia aliuchagua mwenyewe, kijana akiwa mbali. Mara kadhaa neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Alimpenda yule kijana, tatizo ni kwamba aliipenda nafasi yake zaidi. Mafundi wawili wa visu, mmoja angefukuzwa, na yeye ndiye mwenye mvi.

Homa ikamlaza siku moja, moja tu. Saa nne asubuhi kisu kikachoka, meneja akamwamuru mkwe akigeuze. Mkwe akauepuka msalaba, akachagua upande safi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Upande ule ulikuwa na ufa. Mtambo ulipochanganya kasi, kisu kikapasuka na kipande kikamvaa usoni.

Hospitalini Mzee Visu alimkuta kafungwa bandeji macho yote mawili, binti kamshika mkono. Daktari alishasema kwamba jicho moja limekwenda.

"Baba, nisamehe," mkwe akasema aliposikia sauti yake. "Miezi minane umenifundisha, bado nikakosea alama. Nimekutia aibu."

Binti akamtazama baba yake, akingoja amtulize mumewe. Mzee Visu akainamia kitanda.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ni bahati mbaya."

Jumatatu meneja alimpokea mlangoni, akamshika bega mbele ya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba visu hivyo havitaguswa tena na mwingine yeyote. Watu wakampigia makofi.