Jua la Kwenye Bahasha

Nilitoka Kyela asubuhi moja bila mpango wowote, na brashi mbili mkononi. Shule nilishaiacha darasa la tano. Niliandika mabango popote penye ukuta. Mvua ilinishusha Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, kwenye baraza la zahanati mpya. Ndiyo miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa tena kufungua zahanati.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa pale, mtu wa Dodoma, akatoka.

"Wewe unachora au unajikinga mvua?"

"Vyote, Mganga."

"Basi ingia. Nikiandika 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, wagonjwa wanameza vitatu kwa mpigo."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kuchora dozi kwenye bahasha za dawa. Mihuri niliichonga kwenye soli za ndala kuukuu. Mistari ikibanana wino huziba, kwa hiyo nilijifunza kupunguza: kidonge ni duara jeusi, nusu kidonge ni nusu duara. Jua likichomoza ni asubuhi, jua la utosini ni mchana, mwezi ni usiku. Asubuhi nilitaka iwe jogoo, Mganga akacheka.

"Jogoo ana manyoya, atatoka doa. Chora jua. Kila mtu analijua jua."

Masika ikaingia. Bibi Tusajigwe, mkulima wa ndizi kutoka Masoko, alikuja na nimonia. Dada wa dirisha la dawa akamwonyesha: jua, jua, mwezi. "Ndaga," bibi akashukuru, akaifunga bahasha kwenye pindo la khanga.

Alirudi kwa machela. Bahasha ilikuwa bado imejaa.

"Bibi, mbona hukumeza?" Mganga akauliza.

"Si mlisema jua likitoka?" Akakohoa. "Wewe umeliona jua, mwanangu? Au huko kwenu limetoka?"

Watu wa machela wakacheka. Sisi tukatazamana, mtu wa Dodoma na mtu wa Kyela, wote wageni wa ukungu ule wa masika unaoficha jua wiki nzima. Tulimchoma sindano, lakini zilichelewa. Wiki ile ile tulikwenda Masoko kumzika.

Niliporudi nilichonga jogoo: kishungi na mdomo wazi, basi. Mchana ukawa chungu juu ya mafiga, usiku kitanda. Mganga aliugonga muhuri wa jogoo kwenye bahasha, akautazama sana, akavuta bahasha nyingine. Tukautumia mpaka zilipoanza kuja bahasha zilizochapwa tayari mjini. Zilikuwa na jua. Mihuri ikaishia sandukuni, nami nikashika njia.

Sasa mkono unatetemeka, kisu sikishiki, ila miguu imekataa kustaafu. Juzi kikohozi kilinishusha Isongole, mahali ambapo sikuwahi kulala. Nikanunua dawa, nikapata chumba kwa mama mmoja. Akaigeuza bahasha yangu kwenye mwanga wa dirisha. Nje ukungu ulikuwa umemeza hata banda la kuku.

"Babu, hili jua ndiyo saa ngapi?"

"Una jogoo, mama?"

"Ninaye, mkorofi huyo!"

"Akiwika, nigongee mlango."