Mlio Uliokatikakatika

Shemeji yangu alikuwa fundi wa majokofu, lakini mtaa mzima ulimwita Pengwini, kwa ajili ya picha ya ndege huyo aliyoibandika kwenye kompyuta yake. Kompyuta hiyo aliiunda kwa vipande vya mashine mbovu, akaiwekea Linux, mfumo wenye nembo ya ndege huyo, kwa kuwa ni wa bure. Ilipata mtandao kwa modemu, kijidude kilichopiga simu kupitia waya wa simu ya nyumbani, na kwa njia hiyo alimwandikia binti yake anayesoma ng'ambo.

Siku ile tulitoka hospitali kumtazama dada yangu, mke wake. Tulimwacha anakunywa maziwa. Binti alikuwa anasubiri habari: mama akizidiwa, apande ndege.

Modemu ikakataa kupiga. Kioo cha kompyuta kikaandika kwamba haisikii mlio wa simu.

"Shemeji, hebu inua mkonga wa simu usikilize."

Nikainua. "Mlio upo. Ila unakatikakatika kwanza, halafu ndipo unatulia."

"Basi ni unyevu kwenye waya. Na huyu bwana anataka mlio ulionyooka, ana maringo kama bibi harusi."

Akafungua kisanduku cha ukutani, akakwangua kutu, akakaza skrubu. Mimi nilimshikia tochi. Akabadilisha waya. Wapi!

"Nimefufua majokofu yaliyokata roho, leo kijidude hiki kinishinde?"

Mwishowe akaipa amri, herufi tatu na tarakimu moja, maana yake usisubiri mlio, piga tu. Modemu ikapiga, ikakwaruza kwa ile sauti yake, ikaunganika. Pengwini akacheka peke yake. Akaandika: Mama hajambo, amekunywa maziwa, usikatize masomo. Akatuma, akaiachia laini.

Muda si mrefu akaja jirani yetu, mama anayepokea simu katika ofisi moja, kumuulizia mgonjwa. Akaomba apige simu kwake mara moja. Alipoweka mkonga sikioni akatugeukia.

"Kaka, mbona hamjasikiliza ujumbe wenu?"

"Ujumbe gani? Huo ni waya mbovu."

"Waya mbovu wapi! Mlio ukikatika hivi, ujue mtu amepiga akawakosa, ameacha maneno kwenye mtambo wa kampuni ya simu."

Akabonyeza namba, akampa mkonga. Shemeji alisikiliza amesimama, kisha akaninyooshea.

"Sikiliza wewe. Labda mimi sikusikia vizuri."

Ilikuwa sauti ya nesi. Alipiga tukiwa bado njiani: mgonjwa amebadilika ghafla, anamtaja mumewe, aje upesi.

Tulikuta kitanda kimeshatandikwa shuka jingine.

Tuliporudi, alikaa mbele ya kompyuta bila kuvua viatu.

"Niachie mimi, shemeji," nikasema, ingawa kuandika kwangu ni kwa kudonoa.

"Hapana. Ya kwamba hajambo nimeandika mimi."

Akaifuta kwanza ile amri yake, modemu ikarudi kusubiri mlio kama zamani. Safari hii ikausikia papo hapo, umenyooka, ikaunganika bila shida yoyote.