Upande wa Nne wa Dari

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa chini ya jukwaa. Mumewe, fundi lipu aliyefuatwa na wateja kutoka mbali, alikuwa juu akipamba dari kwa majani na maua ya chokaa. Yeye alikuwa chini akichekecha mchanga mpaka unalainika kama unga, akiloweka chokaa, akipandisha ndoo. Mafundi wenzao wakambandika jina la Mama Chekeche, naye akalipokea kwa kicheko.

Kisha mumewe akapatwa na kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu nao ukapata nguvu, ila mkono wa kulia ukagoma katakata. Na kuna kazi ilikuwa imelala: sebule ya mwalimu mmoja mstaafu, dari pande tatu zina ukingo wa majani, wa nne mtupu. Mwalimu hakuwaharakisha, lakini fundi chakula kilikuwa hakimshuki kwa kuiwaza kazi hiyo. Alitaja mafundi wa kumalizia, na kila mmoja akamtoa kasoro: huyu ana papara, yule mkono mzito.

Mama Chekeche alimsikiliza siku tatu. Ya nne akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mwiko mdogo, akamwambia mumewe waende kwa mwalimu.

Fundi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jani la kwanza lilianguka lote sakafuni. La pili likatoka kama sikio la tembo. Mwenyewe akacheka, akalikwangua. Mumewe alijulikana kwa ulimi mkali kazini, ila siku hiyo alielekeza taratibu tu: usikandamize, iache ishike kwanza, haya, sasa kata. Kufika jani la saba akaacha kuelekeza. Mama Chekeche akageuka, akamkuta macho yamemlowa.

"Nimeharibu wapi?"

"Hujaharibu. Umejifunza lini?"

"Kwani ulidhani miaka yote hiyo nilikuwa natazama ndoo?"

Walipomaliza, mwalimu alizunguka sebule shingo juu, akauliza ni upande upi uliokuwa umebaki. Fundi akaonyesha kwa mkono wa kushoto.

"Ule wa dirishani, ni wa mke wangu. Pale kwenye pembe amenizidi kidogo, lakini usimwambie."

Na mkewe amesimama papo hapo, anakunja turubai.

Jioni vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa chokaa. Mumewe akampaka mafuta kwa ule mkono mzima, kidole kimoja kimoja, bila haraka, akimwelezea namna ya kuchonga ua.