Karla na Mtu wa Nta

Juzi binti yangu alipewa kazi ya shule ya kuchora kwa krayoni. Akaona kupaka kwa mkono kunamchelewesha, akachukua pasi yangu, akaipitisha juu ya krayoni ziyeyuke kwenye karatasi. Mimi nilikuwa chumbani. Ile harufu ya nta iliyopata moto ikanifuata mpaka kitandani, na kabla sijawaza pasi yangu ina hali gani, hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka. Hazikuwa hasira za pasi. Zilikuwa zile zangu za zamani, za miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na moja, ambazo watu wa nyumbani wananiambia kila siku niziache. Siziachi ng'o. Nakuhadithieni nyinyi, mtanambia kama nina haki ama sina.

Tulikuwa tunakaa Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, na majirani zetu wengi walikuwa wazungu waliokuja kwa kazi. Sisi ni katika wale waliorudi kutoka Unguja. Ndani kwetu Kiswahili, mlangoni Kiarabu, na shule kilichokuja. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mkandaji. Hakuwahi kujitangaza, lakini wanawake wa kila mtaa walikuwa wanamletea migongo yao, mabega yao na miguu yao iliyoteguka, naye akiwalaza kwenye jamvi chumbani kwake na mafuta ya simsim yaliyopashwa moto. Mimi ndiye niliyekuwa nashika bakuli la mafuta, kwa hivyo nilisikia mengi ambayo mtoto hakutakiwa ayasikie.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, Bibi alichungulia dirishani akamwona mwanamke wa kizungu anapita barabarani na fimbo mbili, moja kila mkono, anajisukuma kwa shida, na miguuni kavaa vibao vyenye magurudumu. "Lahaula!" akasema. "Maskini mwana wa watu, miguu imemkataa, na mumewe kamwachia atoke peke yake!" Siku ya pili akamwona tena. Siku ya tatu hakuweza kuvumilia. Akapanga vitumbua kwenye sahani, akanituma nyumba ya tatu kutoka kwetu nikamwambie yule mgonjwa kuwa kuna bibi hapa anakanda, aje, hatolipa kitu.

Akaja kweli, anacheka, sahani mkononi. Bibi akamlaza, akamshika paja, akasita. Akashika la pili. Akanigeukia akaniambia, "Huyu hana maradhi yoyote. Hii miguu ya ng'ombe wa kulimia." Tukacheka sote watatu, na Karla, hilo ndilo jina lake, akacheka kutushinda ingawa hakufahamu hata neno moja. Tangu siku hiyo akawa haondoki kwetu. Kwa kuwa alikuwa na Kiarabu cha sokoni na masikio mepesi, haukupita mwaka akawa anaongea Kiswahili cha Bibi, nna hiki na sina kile, weye na mie, utadhani kazaliwa Malindi ya Unguja.

Nayo miguu ile ilikuwa na sababu yake. Karla alikuwa bingwa wa ski kwao Italia. Ski ni zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, na msidhani ni ule mchezo wa kuporomoka kutoka mlimani, hapana. Huu wake ni wa kukata misitu na mabonde, kupanda na kushuka, kilomita juu ya kilomita, mtu anajisukuma kwa mikono na miguu mpaka mate yanamganda kidevuni. Alianza ana miaka saba, kwa sababu kijijini kwao wakati wa baridi hapakuwa na njia nyingine ya kufika shule. Akiwa na miaka kumi na tisa akachukuliwa timu ya taifa, akakaa humo miaka kumi. Medali yake ya shaba alikuwa ameiweka kwenye bati la biskuti pamoja na sindano na nyuzi. Alinipa niivae, nikaivaa jioni nzima, na Bibi akaiuliza kama ni dhahabu, akaambiwa si dhahabu, akasema hata hivyo ina uzito mzuri.

Siku za joto kali, asipoweza kutoka na vile vibao vya magurudumu, ambavyo ndivyo ski zake za mazoezi ya barabarani, alikuwa ananichukua kwenye banda lao la gari. Huko alikuwa na ski mbili za kweli ambazo hakuwa na pa kuzitumia Oman nzima. Akizilaza kifudifudi juu ya meza, akiziyeyushia nta kwa pasi, akizikwangua, akizisugua kwa kitambaa, kisha akizirudisha kwenye mfuko wake. Nilimuuliza mbona anazihangaikia. Akanambia mbao zikiachwa kavu hufa. Akanifundisha kuwa kila theluji na nta yake: iliyoganda ina yake, mpya ina yake, na ile ya majimaji, joto likikaribia kuyeyusha, hiyo ndiyo fitina, kwa sababu ukikosea theluji inanasa chini ya mbao kama unga wa maandazi unavyonasa vidoleni. Mtu hatelezi tena. Anatembea na mabonge miguuni.

Ndivyo nilivyopata kuisikia habari yenyewe. Alikuwa amelala kwenye jamvi la Bibi, kifudifudi, mimi na bakuli langu, akatuhadithia kama anahadithia habari ya mtu mwingine. Yalikuwa mashindano makubwa ya kupokezana, wanawake wanne kila nchi, na yeye ni wa pili. Asubuhi ile hewa ilibadilika. Akaenda kwa mtu wa nta, maana wachezaji wakubwa hawapaki wenyewe, wana fundi wao, akamwambia, hii nta haifai leo, kwangua, weka nyengine. Yule mtu akamjibu kuwa kazi yake yeye ni kukimbia. Akamwomba tena. Naye akamwambia asimfundishe kazi. Mwenzake wa kwanza akaja mbio, wapo nafasi ya pili, akamgusa begani, Karla akatoka. Hakufika hata nusu kilomita mabonge yakanasa. Akawa anapiga mbao chini, anakwangua kwa fimbo, anaanza upya, na wanawake wengine wanampita mmoja mmoja. Alipomgusa wa tatu walikuwa wa tisa.

Magazeti ya kwao yakamwandika kuwa amezeeka. Mengine yakasema hakulala usiku ule, alikuwa anastarehe. Na michezo mikubwa ya theluji, ile ya kila baada ya miaka minne, aliyoingoja umri wake wote, ilipofika hakuitwa. Mambo yakaishia hapo. Miaka kumi ikafutwa kwa kipande cha nta.

"Sasa weye hukusema?" nikamuuliza. Nilikuwa nimesimama, mafuta yananimwagikia. "Hukuwambia ni yule mtu?"

"Sikusema," akajibu.

"Kwa nini?"

Bibi akanambia nikapashe mafuta moto, nami nikaenda jikoni nalia kwa ghadhabu. Wallahi sikulala raha wiki nzima. Nilimchukia yule mtu wa nta nisiyemjua hata sura. Nilimwandikia barua kichwani kila nilipooga. Nilitaka kupeleka habari kwenye magazeti ya Italia, ila sikujua stempu za huko zinakwendaje.

Ikaja Idi. Baba akamwalika Karla na mumewe, Marko, ambaye tulikuwa hatujapata kukaa naye. Alikuwa mhandisi wa viyoyozi, mtu mrefu, mcheshi, na alikuja na sanduku kubwa la tende, masikini, kutuletea sisi tende. Tukakaa sebuleni kwenye zulia, halua katikati, na Bibi mwenyewe kashika dele, birika lake la kahawa, kwa sababu siku ya Idi hakumwachia mtu mwingine dele lake. Baba na Marko walikuwa wanazungumza Kiingereza, na Baba akimfasiria Bibi. Baba, kwa kutaka kumpendeza mgeni, akamsifu Karla kwa ile medali. Marko akatabasamu. Akasema kweli, mkewe alikuwa hodari sana, lakini miguu ya mwanamke huchoka mapema. Akasema katika yale mashindano yake ya mwisho ski zilikuwa safi kabisa, na hilo analijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu wakati ule yeye ndiye aliyekuwa fundi wa nta wa timu, na alizipaka mwenyewe kwa mikono yake.

Baba akafasiri neno kwa neno, hana habari ya lolote.

Nikamtazama Karla. Alikuwa anatazama zulia. Jamani, kumbe yule mtu nisiyemjua sura nilikuwa namwona kila siku anaosha gari! Sikujua nimesimama saa ngapi. Nilisema, "Mwongo!" kwa Kiswahili, kisha nikaona haitoshi, nikamwambia kwa Kiingereza ili asije akasema hakusikia. Nikasema nta ilikuwa mbaya, na aliambiwa, na akakataa, na Karla amemfichia, na hana haya.

Mgeni. Siku ya Idi. Kwetu. Baba alibadilika rangi. Bibi akaninyakua, akanifinya paja mpaka nikaona nyota, akaniburuta mbele ya yule bwana akaniamrisha nimpe mkono na kumwomba radhi. Nilimuomba. Akanipapasa kichwa, akacheka, akasema watoto! Nikakaa pembeni na machozi yangu, natazama bila ya kutazama. Na katika watu wote waliokuwemo mle niliyemkasirikia zaidi ni Karla, aliyeniachia nifinywe kwa kusema kweli yake mwenyewe.

Sikwenda tena kwenye lile banda lao la gari. Alipokuja kukandwa nilikuwa najifanya nina masomo. Baada ya miezi michache mkataba wa Marko ukamalizika, na siku ya safari Karla alikuja kuaga, akakaa na Bibi muda mrefu, akaniulizia. Mimi nilikuwa nimejifungia msalani na sikutoka mpaka niliposikia gari inaondoka. Hilo nimelifanya mimi, na kila nikilikumbuka natamani nijifinye mwenyewe.

Miaka kumi mbele, niliolewa. Wiki za mwanzo kwa wakwe zangu nilipewa dele nihudumie wageni, na mjuwe kuwa kwetu Oman mgeni humiminiwa mpaka yeye mwenyewe atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Mimi, kwa kiwewe cha bibi harusi, nikampita mama mmoja aliyekuwa hajatikisa. Kikombe chake kitupu, mkono kaunyoosha, na mimi huyo kwa mwingine. Yule mama akakiweka kikombe chini, akatafuta viatu vyake, na mama mkwe akamkimbilia mpaka mlangoni anamwapia kuwa huyu ni mtoto, hakukusudia. Baadaye akanivuta jikoni akanambia, "Unajua ulilomfanyia? Kumruka mgeni ni kumwambia hana heshima nyumbani humu. Bora ungemtukana."

Nikiwa nimesimama pale jikoni, ile Idi ikanirudia yote. Siku ile ile nikaenda kwa Bibi, nikamkuta anakunja kanga zake. Nikamuuliza kama anakumbuka siku aliyonifinya. Akasema anakumbuka. Nikamuuliza kama baada ya pale alimruka Marko kwenye kahawa, maana nilikuwa naona dele linapita mbele yake, na kikombe chake kitupu mkononi, mara ya kwanza, na mara ya pili.

"Mie, na umri huu," Bibi akasema, "nimruke mgeni kwa bahati mbaya?"

"Na mimi ukanifinya!"

"Weye ulimvua nguo mkewe mbele za watu. Siri ilikuwa yake, si yako." Akakunja kanga nyengine. "Lakini mwanamme namna ile kahawa yangu hanywi."

Nilimwambia, Bibi, yule mzungu hakujua! Alidhani kahawa imekwisha. Umemhukumu kwa hukumu asiyoijua, akarudi kwake analala usingizi wake. Bibi akanitazama akasema, "Mkewe aliijua."

Na ni kweli. Mwaka mzima Karla alikuwa anakunywa kahawa na sisi, hakuna asichokijua cha dele na kikombe. Nyinyi mnaosema niache hasira, basi sikilizeni nilichokiona siku ile na machozi yangu, nikadhani ni kitu cha kawaida tu. Dele lilipompita mumewe mara ya pili, Karla alinyanyua macho kutoka kwenye zulia, akamtazama Bibi, wakatazamana. Bibi akammiminia yeye mpaka pomoni. Karla hakukigusa mdomoni. Akakichukua kile kikombe chake kilichojaa, akampa Marko, akachukua kile kitupu akakishika yeye.

Na Marko akanywa, akasema kahawa nzuri.